Shelfu ya chuma nyepesi inayumba na rafu imebonyea: niiimarishe vipi?

Swali: "Mtaalamu, nina shelfu ya chuma ya bei nafuu kwenye stoo ya karakana yangu. Ni ile ya kufunga kwa bolti, ina rafu tano, urefu wake sentimita 180, upana 90 na kina 40. Karatasi iliyokuja nayo inasema kila rafu inabeba kilo 100. Nimepanga betri za magari, madumu ya oili na maboksi ya vipuri. Rafu ya nne kutoka chini imebonyea katikati, na nikiisukuma shelfu kidogo inayumba. Fundi mmoja amenishauri nitandike bati nene juu ya kila rafu, mwingine anasema nichomelee kona zote. Nimsikilize nani? Na nikinunua ya pili nikaziunganisha, itasaidia?"

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya kununua bati au kumwita mtu wa kuchomelea, leo hii shusha betri zote kutoka rafu ya nne uziweke sakafuni. Halafu tuzungumze kwa utulivu.

Najua rafu iliyobonyea ndiyo inayokusumbua macho. Kinachonitia wasiwasi mimi ni huko kuyumba. Rafu inapozidiwa hukuonyesha: inapinda kidogo kidogo, unaiona, unapata muda wa kupunguza mzigo. Shelfu inayoyumba haikupi muda huo. Inalala upande kidogo, uzito wote unahamia miguu ya upande huo, miguu inapinda, na kila kilichokuwa juu kinashuka kwa pamoja. Kwa hiyo kazi yako ina mpangilio: kwanza tuondoe kuyumba, pili tusaidie miguu, na rafu zenyewe ziwe za mwisho. Wengi huanza na rafu, na ndipo wanapojiponza, kwa sababu rafu ikishakuwa imara mtu hupata moyo wa kuongeza mzigo juu ya miguu ile ile dhaifu.

Fuatilia uzito wa betri moja tangu pale ulipoiweka. Inabonyeza bati la rafu. Bati linaupeleka uzito kwenye kingo zake zilizokunjwa za mbele na nyuma. Kingo zinaupeleka kwenye bolti za kona. Bolti zinaukabidhi mguu, na mguu unaufikisha sakafuni. Kila ushauri utakaopewa upime kwa njia hiyo: unaimarisha kituo gani, na kituo kinachofuata kitahimili? Chukua ule wa bati nene. Bati la chuma la milimita 2 lenye ukubwa wa rafu yako lina karibu kilo 6. Ukitandika kwenye rafu zote tano umeongeza karibu kilo 30 za mzigo. Na kwa kuwa limelala bapa, ugumu linaoongeza ni mdogo sana. Chuma hukataa kupinda kwa sababu ya kimo chake, yaani sehemu iliyosimama wima. Ndiyo maana kiwanda kimekunja kingo za rafu zikaelekea chini: ile mikunjo ya sentimita tatu hivi ndiyo inayobeba, bati la katikati linafunika tu. Kagua mikunjo ya rafu yako ya nne. Ukikuta ukingo umejikunja ndani au una mbonyeo mkali, rafu hiyo imeshapoteza nguvu nyingi, na kuigonga kwa nyundo ili inyooke hakuirudishii.

Sasa ile kilo 100. Kampuni zikiandika hivyo humaanisha mzigo uliotandazwa sawasawa rafu nzima, sakafu ikiwa tambarare, miguu ikiwa wima na rafu zote zikiwa mahali pake. Mzigo ule ule ukiukusanya sehemu moja katikati kabisa, nguvu ya kupinda huongezeka mara mbili. Betri ya gari dogo huwa na kilo 15 hadi 20. Tuseme umeweka nne za kilo 18, mbili juu ya mbili, katikati ya rafu: ni kilo 72 tu, lakini zikiwa zimekaa kwenye eneo la sentimita 35 zinaipinda rafu kama kilo 115 hivi zilizotandazwa. Hujavuka kiwango kwa mizani, umekivuka kwa namna ya kupanga. Soma pia kama karatasi hiyo inataja kikomo cha shelfu nzima. Kilo 100 mara tano si lazima iwe 500.

Tuanze na kuyumba. Fremu ya pembe nne iliyofungwa kwa bolti hulala upande kwa urahisi hata bolti ziwe zimekazwa namna gani, kwa sababu bati ni jembamba na tundu huachia kidogo. Pembe tatu haiwezi kulala bila kipande kimoja kurefuka au kufupika. Kwa hiyo unachohitaji ni mshazari. Nunua chuma bapa cha upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, ukifunge mgongoni kwa umbo la X, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Kwa vipimo vyako kila kipande kitahitaji urefu wa kama mita 2. Chuma bapa kinafanya kazi kikivutwa tu, kikisukumwa kinajikunja, na ndiyo sababu viwe viwili vinavyopishana: shelfu ikitaka kulala kulia kimoja kinaikamata, ikitaka kulala kushoto kinaikamata kingine.

Kabla ya kukaza, pima kwa tepu mshazari wa kwanza na wa pili wa mgongo wa shelfu. Vipimo vilingane. Visipolingana, sukuma kona za mshazari ulio mrefu mpaka vikubaliane, ndipo ukaze. Watu hukaza bolti moja moja kadiri wanavyopanda, wanafika juu fremu imeshalala, kisha wanashangaa kwa nini rafu ya mwisho haiingii kwenye matundu yake. Funga bolti zote kwa vidole kwanza, nyoosha fremu, halafu ndipo spana ianze kazi.

Kwenye ubavu, mshazari mmoja kutoka juu hadi chini utakuwa umesimama mno kwa sababu kina ni sentimita 40 tu. Gawa ubavu sehemu mbili, kila moja ya kama sentimita 90, na kila sehemu uipe X yake. Mbele huwezi kuziba kwa sababu unahitaji kutoa vitu, na wala usihofu: rafu zikiwa zimefungwa kikamilifu kona zote, zinaikabidhi mbele kwa mgongo, na mgongo ukisimama imara mbele nayo inatulia. Ukipenda, badala ya X mgongoni weka plaiwudi ya milimita 9, nzima, iliyofungwa kwenye miguu kila baada ya sentimita 15 au 20. Hiyo inafanya kazi nzuri kama ya X, na inazuia vitu kudondokea nyuma. Vile vibati vidogo vya pembe tatu vinavyouzwa pamoja na shelfu pia vina faida yao, hasa kona za juu kabisa na za chini kabisa. Kwa mzigo wako havitoshi peke yake.

Kisha ifunge ukutani. Mafundi wengi hufuata kanuni hii: urefu ukizidi mara nne ya kina, shelfu isisimame huru. Yako ni 180 kwa 40, yaani mara nne na nusu, kwa hiyo umeshavuka. Tumia vibati vya L viwili, kimoja kwa kila mguu wa nyuma, karibu na rafu ya juu. Ukuta wa zege au tofali gumu unakubali bolti za kutanuka. Ukuta wa tofali lenye uwazi ndani huzungusha plagi za plastiki mpaka zinatoka. Hapo tumia bolti inayofungua mabawa nyuma, au ipitishe ukuta mzima na uweke bati na nati upande wa pili. Ukuta wa mbao za jipsamu usiuamini hata kidogo, tafuta nguzo iliyo ndani yake. Na kabla ya kutoboa hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba la maji mahali hapo. Kufunga ukutani hakuongezi kilo hata moja kwenye uwezo wa rafu. Kunazuia shelfu isipinduke mtu anapovuta boksi la juu, au mtoto anapoigeuza ngazi.

Tuje kwenye miguu, na hapa naomba usome polepole.

Chukua rula nyembamba ya plastiki, isimamishe mezani, ibonyeze kutoka juu kwa kiganja. Haivunjiki, inachomoka pembeni. Sasa ishike katikati kwa vidole viwili ubonyeze tena: inakataa. Mguu wa shelfu yako ni hivyo hivyo. Ni bati la milimita moja au chini ya hapo lililokunjwa umbo la L, na adui yake ni urefu usioshikwa. Ukipunguza nusu ya urefu huo, mzigo unaoweza kuupinda unaongezeka mara nne. Ukiuongeza mara mbili, uwezo unabaki robo. Rafu zenyewe ndizo zinazoshika mguu njiani. Kwa hiyo mtu anayeondoa rafu ya chini ili dumu refu lienee, au anayeisogeza juu, amefanya jambo baya kuliko kuongeza mzigo: ameurefusha mguu usioshikwa mahali pale pale ambapo uzito wote wa juu unapita. Rafu ya chini iwe karibu na sakafu, na pengo kubwa, kama ni lazima liwepo, liwe juu kwenye vitu vyepesi.

Njia ninayoipenda zaidi ya kusaidia miguu haina gharama kubwa na haihitaji mtambo wa kuchomelea. Tafuta mbao zilizonyooka za milimita 50 kwa 50. Pima pengo kutoka sakafuni hadi chini ya rafu ya kwanza, kata vipande vinne vya urefu huo huo, visimamishe ndani ya kona ya L ya kila mguu. Kisha pima kutoka juu ya rafu ya kwanza hadi chini ya rafu ya pili, kata vinne vingine, na kuendelea hivyo hadi juu. Kila kipande kifunge kwa skrubu mbili au tatu kupitia matundu ya mguu, kutoka nje. Angalia kilichotokea: rafu sasa imekalia mbao, mbao imekalia rafu ya chini yake juu ya mbao nyingine, mpaka sakafuni. Uzito umepata barabara yake mpya. Bolti za kona, ambazo zilikuwa zinabeba kila kitu kwa kuning'inia kwenye bati jembamba, sasa kazi yake ni kushikilia tu. Na mguu wa chuma, ukiwa umefungwa kwenye mbao, hauna tena pa kukimbilia. Mbao laini ya kawaida ya ukubwa huo, ikibanwa kwa urefu wake, hubeba kilo mia kadhaa bila shida.

Kuna sharti moja: mkato uwe wa pembe mraba na urefu uwe sahihi. Kipande kifupi kwa milimita tatu hakibebi chochote mpaka rafu ishuke milimita tatu, na kwa kushuka huko bolti zimeshaumia. Kata kirefu kidogo, kisha punguza kwa msasa mpaka kiingie kwa kugongwa kwa kiganja. Kipande kisichoingia kwa kubana kidogo kitupe, kata kingine. Kwenye rafu ambayo kingo zake zimekunjwa hadi kona, hakikisha kichwa cha mbao kinagusa bati la rafu lenyewe au ukingo wake. Kikigusa hewa umefanya kazi bure.

Ukipendelea chuma, funga chuma cha pembe (chenye umbo la L) cha milimita 30 kwa 30, unene 3, ndani ya kila mguu kutoka sakafuni hadi juu, kwa bolti kila baada ya sentimita 20 hivi. Nacho ni kizuri sana, ila hapo mzigo bado unapitia bolti za kona, kwa hiyo toboa upya ili kila kona ipate bolti mbili badala ya moja, na uweke washa pana, yaani vile vipete bapa vya chuma vinavyovalishwa kwenye bolti, pande zote mbili. Katika bati jembamba bolti huwa haikatiki. Kinachotokea ni tundu kuchanika na kuwa refu. Washa pana inalibana bati kuzunguka tundu, na bolti ya pili inagawana mzigo. Ukikuta tundu lililokwisha kuwa umbo la yai, usilitumie tena, sogea tundu jingine.

Kuhusu kuchomelea kona: sishauri. Moto wa mtambo wa kawaida hutoboa bati la unene huo haraka, na penye matobo pana udhaifu kuliko mwanzo. Kama shelfu imepakwa zinki, joto linaiunguza, kutu inaingia hapo hapo, na moshi wake humletea mchomeleaji homa na kifua kubana. Bolti zinatosha.

Sakafu haina maneno mengi. Ncha ya mguu ni nyembamba kama ukingo wa bati, hivyo weka chini ya kila mguu kipande cha bati nene cha sentimita 10 kwa 10. Kama umefuata njia ya mbao, kipande hicho kibebe mbao na chuma pamoja. Kama sakafu haiko sawa, jazia kwa vipande vya chuma mpaka pima maji ikubali. Karatasi zilizokunjwa na vipande vya boksi hubonyea baada ya wiki chache. Mguu mmoja ukielea, uzito wake unahamia kwa jirani zake, na hesabu yote tuliyofanya inakuwa ya shelfu nyingine.

Ndipo tunafika kwenye rafu. Ile iliyobonyea ishushe uitumie juu kabisa kwa vitu vyepesi kama ukingo wake uko sawa, au uitoe moja kwa moja. Kwa rafu za mzigo mzito, weka chuma cha pembe cha 30 kwa 30 kwa 3 chini ya ukingo wa mbele na kingine chini ya ukingo wa nyuma, ubavu mmoja ukielekea chini. Muhimu ni ncha zake: zifike kwenye miguu na zifungwe hapo kwa bolti, au zikalie vichwa vya zile mbao. Nikisema hivyo ni kwa sababu mara nyingi naona chuma kizuri kimefungwa katikati ya rafu kikiishia sentimita kumi kabla ya mguu. Hapo kimebaki kuwa mzigo unaobebwa na rafu. Vyuma viwili vya namna hiyo, kwa upana wa sentimita 90, vinaweza vyenyewe kubeba kilo 150 zilizotandazwa. Lakini kumbuka miguu. Ukiweka kilo 150 kwenye rafu tano ni kilo 750, na shelfu hii sitakushauri uifikishe huko hata ikiwa na mbao. Chagua rafu mbili za chini ziwe za uzito, zilizobaki ziendelee na mizigo ya kawaida.

Juu ya rafu tandika plaiwudi ya milimita 18, nyuzi zake za juu zikielekea upande mrefu. Plaiwudi inaugawa uzito wa betri usikae sehemu moja, na unene wake unaongeza ugumu kwa kasi: ukiuzidisha mara mbili ugumu unapanda mara nane. Chipubodi usiitumie. Hupinda taratibu chini ya mzigo wa kudumu, na ikinusa maji inavimba na kumeguka. Chini ya betri weka pia trei ya plastiki, kwa sababu asidi ikivuja inakula chuma bila kelele.

Ukiona bado rafu inashuka, ongeza mguu wa katikati, mbele na nyuma, kwa mbao ile ile. Upana wa sentimita 90 unakuwa 45 mara mbili, na kubonyea kunapungua kiasi cha kutoonekana. Mguu huo lazima uanzie sakafuni na kila kipande kisimame sawasawa juu ya mwenzake. Ukianzia rafu ya pili umeihamishia rafu ya pili matatizo ya tatu.

Ukimaliza, ijaribu. Vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho wa ukingo wa rafu, pakia nusu ya mzigo, pima uzi uko juu ya ukingo kwa kiasi gani, acha hadi kesho yake, kisha pakia uliobaki. Kikomo kinachotumika sana ni urefu kugawa kwa 200. Kwako ni milimita 4 na nusu. Baada ya hapo shusha mzigo upime tena. Chuma kikirudi kama kilivyokuwa, uko salama. Kikibaki kimepinda kimeshazidiwa, na mzigo huo upunguze.

Mguu wenye mkunjo mkali, hata mdogo kama kidole, ubadilishe. Usiunyooshe, maana chuma kitapinda tena mahali hapo hapo kwa mzigo mdogo zaidi.

Na shelfu ya pili? Ndiyo, nunua, lakini usiitie pembeni ya hii. Zisimamishe mgongo kwa mgongo zifungwe miguu kwa miguu kwa bolti, juu, katikati na chini. Kina kinakuwa sentimita 80, urefu unabaki 180, na kupinduka kunakuwa kugumu zaidi. X moja ya mgongoni inatumikia zote mbili. Kama stoo hairuhusu kuzunguka pande zote, basi ziweke ubavu kwa ubavu, kila moja na kifungo chake cha ukutani, na ugawe mzigo uliopo sasa kati yake: betri kwenye rafu ya chini kabisa ya kila moja, madumu ya oili yafuate, maboksi ya vipuri vidogo juu.